Mstari Mweupe Chini ya Lori

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare za shule, binti yangu alikuwa anaingia chini ya lori. Najua mtu akisikia hivyo anashika kichwa. Mimi mwenyewe siku ya kwanza nilishika kichwa. Lakini ilikuwa kazi aliyopewa na baba yake, na ilikuwa na masharti. Lori liwe limezimwa, limeegeshwa mahali tambarare mbele ya nyumba, mawe yamekingwa kwenye matairi ya nyuma, na ufunguo aushike yeye mwenyewe mkononi, ili awe na hakika kwamba hakuna atakayeliwasha. Akimaliza anatoka, anajikung'uta vumbi, anarudisha ufunguo na kusema, "Zote nane sawa." Baba yake anampigia saluti na kumshukuru, akimwita Inspekta wake. Ndipo anakwenda kuoga.

Alikuwa na miaka kumi na miwili wakati huo, na jina hilo la Inspekta lilikuwa limemkaa vizuri mno. Alikuwa anatembea nalo mpaka shuleni.

Mume wangu anaendesha lori la kubeba kokoto. Si lake, ni la tajiri mmoja mwenye magari matatu. Mwezi ule walikuwa wamebadilisha springi za nyuma. Springi za lori si kama zile za godoro. Ni vyuma virefu bapa, vimepindwa kidogo kama upinde, vimelazwa kimoja juu ya kingine mpaka vinakuwa fungu zito. Mzigo ukikaa vinanyooka, mzigo ukitoka vinarudi. Mafungu hayo yako mawili, kulia na kushoto, na kila moja limebanwa kwenye ekseli, yaani lile dude kubwa la chuma linalobeba matairi ya nyuma. Kinachobana ni bolti zilizopindwa kama herufi U, mbili kila upande, na kila bolti ina nati mbili. Jumla nati nane.

Fundi aliyezifunga anaitwa Kimya. Walimpa jina hilo kwa sababu hanyamazi. Anaweza kukaza nati huku anaongea na wewe, anaongea na nati, na majibu anatoa mwenyewe. Siku hiyo alimweleza mume wangu kwamba bolti mpya zina tabia ya viatu vipya. Zikishapata mzigo zinajinyoosha, springi nazo zinajipanga, na nati uliyoikaza leo kwa nguvu zako zote, wiki ijayo unaikuta imelegea. Kwa hiyo akachukua rangi nyeupe ya mafuta, akapitisha mstari mwembamba kwenye kila nati, ukaanzia juu ya nati na kuishia kwenye bamba la chuma lililo karibu nayo.

"Mstari ukinyooka, nenda kazini," alisema. "Ukikatika, nati imezunguka. Usikaze mwenyewe, usimpe mtu mwingine, njoo kwangu. Hata kama una mzigo wa rais, njoo kwangu."

Rangi iliyobaki aliiacha kwenye kopo dogo ndani ya boksi la spana, pamoja na brashi. Akasema ni yake, ya kupakia atakaporudia kukaza, na mtu mwingine asiiguse.

Mume wangu ana goti bovu, kulala chini na kuinuka ni kazi. Binti yetu akajitolea. Nami sikubisha sana, maana macho yake nayajua. Nashona maturubai ya malori, nina kibanda changu kule machimboni, na sindano ikinidondoka kwenye vumbi huwa simsumbui mtu mwingine. Anakuja yeye, anainama mara moja, anainuka nayo.

Sasa kulikuwa na safari. Timu ya netiboli ya shule yao ilikuwa inakwenda kucheza na shule ya ng'ambo ya kilima siku ya Ijumaa mchana, na binti yangu ndiye mfungaji. Shule haina gari. Mume wangu akamwomba tajiri, tajiri akakubali, ikapangwa kwamba Ijumaa akimaliza kubeba mzigo wa asubuhi atafagia bodi, lile sanduku la nyuma linalobeba mzigo, atapanga mabenchi, na kuwapeleka wachezaji na washangiliaji wao. Wiki nzima nyumbani kwetu hakukuwa na habari nyingine. Mpaka mdogo wake wa miaka minne, ambaye hajui netiboli ni mnyama gani, alikuwa anaimba nyimbo za kushangilia.

Haya yanayofuata niliyajua baadaye, na natamani ningeyajua mapema.

Jumanne asubuhi binti yangu aliingia chini ya lori kama kawaida. Upande wa kulia, nati nne, mistari minne imenyooka. Upande wa kushoto, nati mbili mistari yake ilikuwa imekatika. Si sana. Kipande cha juu kilikuwa kimesogea na kuachana na cha chini kwa upana wa ukucha. Alilala pale chali, ufunguo mkononi, akafikiri. Akisema, lori linakwenda kwa Kimya. Kwa Kimya siku hizo kulikuwa na foleni ya magari, na lori likiingia pale halitoki chini ya siku tatu. Safari ya Ijumaa imekwisha. Na upana wa ukucha, alijiambia, ni kitu gani kwenye gari zima?

Akatoka, akasema amesahau kitu. Akafungua boksi la spana, akachukua kopo na brashi na kitambaa chenye mafuta ya taa. Akarudi chini. Akafuta mistari ile miwili, akachora mipya, imenyooka kama ya Kimya mwenyewe. Kisha akatoka, akajikung'uta.

"Zote nane sawa."

Na baba yake akampigia saluti.

Jumatano mistari mipya nayo ilikuwa imekatika, na safari hii ni nati zote nne za kushoto. Akafuta tena, akachora tena. Aliniambia mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba mara ya kwanza mkono ulimtetemeka, lakini mara ya pili haukutetemeka. Maneno hayo yamenikaa kifuani mpaka leo.

Nami nina langu la kusema, nisijifanye mwema. Jumatano hiyo nikiwa kibandani nilianza kusikia mlio. Lori la mume wangu likiwa na mzigo, akiachia klachi kuondoka, chini kunalia gong. Akibadilisha gia, gong tena. Mlio mzito, kama mtu kagonga sufuria kubwa kwa nyundo. Sikuupenda. Jioni nikamuuliza mume wangu, akasema naye ameusikia, lakini mistari imenyooka, kwa hiyo si springi. Labda propela inataka grisi, ataitazama Jumamosi akishawapeleka wasichana. Propela ni ule mti mrefu wa chuma unaozunguka chini ya lori, unaotoa nguvu kwenye injini na kuipeleka nyuma kwenye matairi. Sikuridhika. Nikamgeukia binti yangu, nikamuuliza kama kweli zile nati anaziangalia vizuri.

"Mama, mistari yote imenyooka," alinijibu, huku anafunga kamba za raba zake. Na alisema kweli. Ilikuwa imenyooka.

Ijumaa asubuhi nilikuwa kibandani nashona kona ya turubai, mtoto wangu mdogo amekaa kando yangu. Kibanda kiko chini ya mteremko, mahali barabara ya machimbo inapoanza kupanda. Mume wangu alipita na mzigo wa mwisho, akatupungia mkono. Alipofika katikati ya kilima, lori jingine lilikuwa linateremka tupu, akasimama kulipisha. Kisha akaondoka.

Nilisikia gong, na baada yake mlio ambao sijawahi kuusikia, wa chuma kinachopasuka. Nyuma ya lori iliruka kushoto. Propela ikachomoka, ikapiga barabara, ikapiga tena huku na huku chini ya gari kama nyoka aliyekanyagwa. Injini ikanguruma kwa nguvu lakini lori halikwenda. Halafu likaanza kurudi nyuma.

Nilijua atakanyaga breki. Kumbe alishakanyaga, na mguu ulikuwa umezama mpaka chini, maana ile propela ilikata bomba za mafuta ya breki. Akavuta breki ya mkono. Kwenye lori lile breki ya mkono inashika propela, na propela ilikuwa imelala barabarani. Hakubakiwa na kitu ila usukani. Lori lilikuwa linakuja kwetu kinyumenyume na tani saba za kokoto, na mimi nilikuwa nimekaa. Nilimvuta mtoto kwa shati, nikambana kifuani, basi, sikuweza zaidi ya hapo. Niliona kichwa cha mume wangu kimetoka dirishani, kinatazama nyuma, kinatutazama sisi.

Akakata usukani. Nyuma ya lori ikaingia kwenye tuta la kifusi, hatua chache juu ya kibanda changu. Kokoto zikamwagika zote kwa pamoja. Kichwa cha lori kikainuka, kikasimama kidogo hewani, kikalala ubavu.

Watu walipofika walinikuta nimekaa vilevile, na sindano ya kushonea turubai imeingia kwenye kiganja changu, na mimi sina habari. Mume wangu walimtoa kwa mitaimbo. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili. Alikuwa hai. Aliuliza kuhusu mtoto, akaambiwa mzima, akafumba macho.

Hospitali walimfunga plasta, wakamlaza wodini. Mchana tajiri alikuja, na hasira zake. Alisema huyu Kimya ni fundi wa mdomo, amefunga springi kwa porojo, na kuanzia leo hakuna dereva atakayempelekea hata baiskeli. Kimya mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, amejaa grisi mpaka viwikoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa ananyamaza. Tajiri alipomaliza, yeye akasema ametoka kulala chini ya lile lori sasa hivi.

"Nati nne za kushoto nimezizungusha kwa vidole," alisema akinigeukia mimi. "Kwa vidole, shemeji. Na mistari imenyooka. Kitu hicho sijawahi kukiona tangu nizaliwe." Akanyoosha mkono. Kwenye ncha ya kidole kulikuwa na rangi nyeupe. "Hii haijakauka vizuri. Mimi mara ya mwisho kupaka rangi kwenye gari lile ni wiki tatu zilizopita."

Tajiri akageuka taratibu, akamtazama mume wangu pale kitandani. Nilimwona anavyofikiri. Akauliza, kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa mbaya kuliko ile ya kelele, kama dereva wake ndiye aliyepaka rangi ili asilipeleke gari gereji. Kama ni hivyo, akitoka hapa asirudi kazini, na asitegemee kushika usukani wa mtu yeyote mji huu. Mume wangu hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa ameshaelewa. Macho yake yalikuwa yamehamia mlangoni, nyuma ya Kimya.

Binti yetu alikuwa amesimama pale na sare zake. Mwalimu wa michezo ndiye aliyemleta, baada ya habari kufika shuleni.

Alitazama plasta. Akatazama kidole cha Kimya.

"Ni mimi," alisema. "Baba hajui. Nilipaka Jumanne, na Jumatano, na jana. Na leo asubuhi."

Mara nne. Nilisimama, nikainua mkono wangu, huo huo uliofungwa bandeji, na ningempiga pale pale mbele ya wagonjwa. Kimya akaushika.

"Ngoja, shemeji. Huyu anajua amedanganya. Hajajua amedanganya nini."

Akaomba rula. Binti akatoa ya plastiki kwenye mkoba. Kimya akamwambia aishike ncha zote mbili kwa nguvu, ilale bapa, na asiachie. Kisha yeye akaibana katikati kwa vidole viwili, akaipinda taratibu. Upande wa mbele wa rula ukainuka kama kilima, upande wa nyuma ukabonyea kama bonde. Rula ikawa kama herufi S iliyolazwa.

Akaeleza kwamba rula ile ni springi, na vidole vyake ni ekseli. Tairi likisukuma barabara ili lori liende mbele, ekseli yenyewe inataka kujigeuza kinyume, kurudi nyuma. Hakuna kingine kinachoizuia, ni springi tu. Kwa hiyo kila lori likiondoka na mzigo, tena kwenye kilima, springi zinajipinda vile, na difu, lile pipa la chuma katikati ya ekseli ambamo propela inaingia, linanyanyua pua kutazama juu. Likishaondoka, kila kitu kinarudi mahali pake. Lakini kinarudi kwa sababu bolti zimebana.

"Na zikilegea?" aliuliza, kisha akaachia vidole ghafla. Rula ikaruka mkononi mwa mtoto, ikagonga ukingo wa kitanda, ikaanguka chini. Binti akashtuka mpaka akarudi hatua moja. "Lazima lori lilikuwa linalia gong likiondoka, na gong yenyewe ndiyo hii. Ekseli inapiga springi. Kila ikipiga, nati inalegea zaidi. Leo pua ya difu ilikwenda juu isirudi, ikaivunja propela. Sasa nikuulize, mwanangu. Kilima kile cha leo, mchana huu mngepita wapi kwenda kwenye netiboli yenu?"

Njia ni hiyo moja.

"Na juu ya bodi angekuwa nani?"

Niliona uso wake unavyobadilika. Alikuwa amefikiria Kimya, foleni, mchezo, magoli. Siku nne hizo hakuwa hata mara moja amewaweka wenzake juu ya lile bodi na kilima chini yao. Sasa aliwaona. Akakaa chini, kwenye sakafu ya wodi, akatapika kwenye mkoba wake wa shule.

Tajiri akamwambia Kimya kwamba yale maneno ya mwanzo ameyarudisha. Kwa mume wangu akasema akipona aje kazini. Akaondoka bila kumtazama mtoto, nadhani hakujua amtazame vipi.

Mume wangu hakumgombeza. Alimwita karibu, akamwambia kwamba mguu utaunga, na kwamba angalau amesema mwenyewe kabla hajaulizwa, hilo amelisikia. Lakini kuna watu ambao bado hawajui wameponea wapi, nao wana haki ya kujua. Jumatatu aende akawaambie, kwa mdomo wake, na asijipunguzie.

Jumatatu nilimsindikiza. Mwalimu wa michezo aliwakusanya wote waliokuwa wasafiri Ijumaa, akawakalisha darasani. Mimi nilisimama mlangoni. Binti yangu alisimama mbele na kueleza yote, ukucha, kitambaa, rangi, mara nne. Nilidhani watamzomea. Hakuna aliyezomea. Msichana mdogo kuliko wote, mshangiliaji tu, alinyoosha mkono kama vile ni somo la hesabu, akauliza yeye angekaa upande gani.

"Nyuma," binti yangu alijibu. "Kushoto. Nilikuwa nimekuwekea nafasi karibu yangu."

Mwalimu akasema kwamba shule imeshakubali kutafuta basi, na kwamba hakuna mwanafunzi atakayepanda tena kwenye bodi la lori, kosa hilo ni la watu wazima na yeye ni mmoja wao. Akawaambia pia wasikilize vizuri jambo moja. Mtu akipewa kazi ya kuangalia, ni kwa sababu wengine wameamua kuacha kuangalia. Wamemwachia macho yao. Kwa hiyo aseme alichokiona, hata kama kitaharibu safari, hata kama kitamfanya achukiwe siku nzima. Akificha, wote wanaomwamini wanatembea vipofu na hawajui.

Nami nawaambia nyinyi mnaosoma hapa, na mama zenu kama wanasoma nanyi. Ukiona kitu kimekatika, kimelegea, kinanuka au kinalia, sema. Ukisema na hukusikilizwa, sema tena. Na sisi wakubwa tukisikia gong, tusimuulize mtoto kisha tukalala usingizi. Tuinamie wenyewe tuone.

Wakati mwalimu anaongea, mimi pale mlangoni nilikuwa nawahesabu. Nilianza na wa mbele, nikapita benchi kwa benchi, nikarudia mara mbili ili nisikosee. Walikuwa ishirini na watatu, na wangu akiwemo.